Mgongo wa Onyiego

Asubuhi ya ile Jumamosi nilimvalisha Onyiego shati kama mtoto wa nasari, na bado akapata mdomo wa kunigombeza. Ati navuta. Ati nina haraka ya kwenda wapi. Mimi niliyeamka nikakamua ng'ombe, nikachemsha maji, nikamkanda bega na kumpaka mafuta ya kuchua, halafu napewa maneno na mtu ambaye hawezi kuingiza mkono kwenye shati lake mwenyewe. Nikamwambia, "Baba Nyagaka, ukiendelea hivyo utapanda jukwaani na vesti."

Akaangalia nje dirishani, kule kashamba ketu ka chai kanakoteremka mpaka mtoni. Kisha akauliza kile kitu alichokuwa ananiuliza wiki nzima.

"Unaonaje? Utaenda?"

Alikuwa anauliza juu ya mkono wake wa kulia, kama utakubali kupanda juu ya kichwa.

"Utaenda mpaka pale utafika," nikasema. "Sasa geuka nifunge vifungo."

Wacha niwaeleze, maana vijana wa siku hizi wakimwona mzee na gita wanafikiri anaenda kuimbia kwaya. Sisi ni Umeme Band. Onyiego mume wangu ndiye gita na sauti. Kiptanui ndiye dramu. Na mimi, Mongina, ndiye besi, na kama kuna mtu anafikiri mwanamke hawezi kupiga besi, aulize watu wa Kericho wa umri wangu. Tulianzia kwenye ukumbi wa wafanyakazi katika shamba moja kubwa la chai, wakati Onyiego alikuwa fundi wa mashine kiwandani na nywele zake hazingeweza kupita mlangoni. Tulikuwa tunapiga roki. Watu wa kwetu Kisii walitaka tuwapigie benga, na wenyeji walitaka nyimbo zao, na sisi tukawapigia roki kwa Kiswahili, Ekegusii na Kipsigis, sauti ikiwa juu mpaka madirisha yanalia. Wazee wa kanisa walisema huo ni muziki wa shetani. Watu wa kiwandani walisema ndio muziki pekee wa kushinda ule mngurumo wa mashine unaobaki masikioni ukishatoka shifti. Tukawasikiliza watu wa kiwandani.

Wimbo uliotufanya tujulikane unaitwa Tupa Nyuma. Niliutunga mimi, ingawa Onyiego akiulizwa husema tuliutunga pamoja. Nilikuwa mchumaji wa chai wakati huo, na wimbo ule ni kazi yetu vile ilivyo: mikono miwili mbele inachuma, inachuma, ngumi ikijaa unatupa majani nyuma ya bega, yaingie kwenye kikapu mgongoni bila wewe kugeuka. Hivyo ndivyo watu walivyoucheza. Ukumbi mzima unachuma, unachuma, halafu mikono yote inaruka juu ya mabega mara moja. Na ikifika hapo tu, Onyiego naye anatupa gita nyuma ya shingo na kuipigia huko huko, vidole haviangaliwi na macho, meno yote nje. Nimeona wanawake waliotoka shambani wamechoka hoi wakipiga nduru kwa sababu ya ile gita. Mimi mwenyewe niliolewa kwa sababu ya ile gita, wacha nisidanganye.

Alikuwa na sheria yake moja, kwamba mwanamuziki hampi mtu mgongo. Hata akienda kunywa maji alikuwa anarudi kinyumenyume, uso kwa watu. Siku moja alirudi hivyo mpaka akaanguka ndani ya dramu za Kiptanui, na hata pale chini aliangukia mgongo ili uso ubaki kwa watu. Kiptanui humkumbusha mpaka leo.

Sasa, mtu wa namna hiyo akiweka ahadi, anaiweka kwa maiki. Wakati mashine za kuchuma zilipoingia na watu wakaanza kupunguzwa, tulipiga dansi ya mwisho pale ukumbini kabla haujageuzwa stoo. Baada ya Tupa Nyuma, jasho likimtiririka, Onyiego akasimama akasema, "Siku huu mkono utakataa, nitaweka gita chini mbele yenu na sitaiinua tena. Sitaki mtu anionee huruma." Watu wakapiga makofi. Mimi nikasonya, lakini nani alisikia. Huyu ni mwanaume ambaye akisema atakuja Jumanne, hata mto ufurike, atakuja Jumanne.

Tukahamia hapa Mogogosiek, tukaishi na kachai ketu na ng'ombe wetu. Tuliendelea kupiga kwenye harusi, siku za soko Ndanai, na mara nyingine Boito watu wakifungua duka jipya. Halafu bega la Onyiego likaanza kukaza. Kwanza hakuweza kufika kwenye rafu ya juu. Kisha kichana kikamshinda kukifikisha kichwani. Tangu hapo hakupiga Tupa Nyuma tena. Mtu akiomba, alisema besi ina shida. Besi yangu, iliyo nzima kuliko yeye.

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo siku Dorine alipobisha hodi. Dorine ni binti ya Rebeccah, na Rebeccah ni mwenzangu wa mstari wa pembeni. Lazima nieleze hilo. Shambani wachumaji wanapanga mistari, kila mtu na mstari wake kati ya michai, na wale wa kushoto na kulia kwako unawajua kuliko ndugu zako. Rebeccah alikuwa kulia kwangu. Mkono wake ulikuwa na kasi, hakuna nyapara aliyewahi kumfokea. Nilipokuwa na mimba ya Nyagaka, miguu imevimba, jua la saa sita linanizungusha, Rebeccah alikuwa anachuma ngumi moja anaweka kwake, ngumi moja ananitupia. Yule wa kushoto pia. Hawasemi kitu. Unasikia tu majani yanaingia mgongoni mwako, unainama kidogo yasimwagike, mnaendelea. Kwetu iliitwa kutupiwa. Haikuwa na asante. Ilikuwa na sharti moja tu: ukitupiwa, hutui kikapu mpaka mstari uishe. Hata kama unalia, unalia ukitembea. Kwa sababu majani yale mgongoni si yako peke yako tena.

Nimemsimulia Onyiego habari hiyo mara nyingi mpaka anaimalizia yeye.

Basi Dorine akakaa, akanywa chai, akasema anapanga siku ya wachumaji wa zamani, uwanjani hapo karibu na soko. Wako wengi, alisema, na wengi hawajaonana tangu kambi za wafanyakazi zivunjwe.

"Niliwauliza wanataka nini," akasema. "Chakula? Mgeni rasmi? Wakasema hawataki hotuba ya mtu. Wanataka Umeme Band, na wanataka Tupa Nyuma. Mum ndiye alisema kama hakuna Tupa Nyuma yeye atabaki nyumbani."

Kabla sijaweka kikombe chini, Onyiego alikuwa ameshakubali.

Dorine alipotoka nikamgeukia. Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nikamwambia amwite yule msichana arudi, amwambie ukweli, bega limekufa, tutapiga nyimbo nyingine. Au apige Tupa Nyuma gita ikiwa tumboni, nani atamfunga?

"Hawaji kuona gita tumboni," akasema.

"Na mkono ukikataa?"

"Utakataa mbele yao. Niliwaambia hivyo. Nitaiweka chini, tutarudi nyumbani, nitafuga kuku."

Alisema kama mtu anayeongea habari ya hali ya hewa, lakini usiku ule nilimsikia akigeuka na kugeuka. Onyiego bila gita sijui ni nani. Sijawahi kukutana naye.

Jukwaa lilikuwa lori la kubebea majani ya chai, wameshusha mbao za pembeni na kufunga turubai juu. Tulianza mapema kwa sababu huku mvua haikosi alasiri. Kiptanui alifika na dramu zake kwenye pikapu, suti ya kanisa, kofia ya sufu. Siku hizi ni mzee wa kanisa, na anasema hakuna andiko linalokataza dramu. Akatazama watu, akatikisa kichwa.

"Mongina, hawa watu wamezeeka," akasema.

"Na wewe umetoka saluni?" nikamwuliza.

Lakini alisema kweli. Wale wasichana waliokuwa wanapanda juu ya meza ukumbini walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, na sweta, na leso magotini, fimbo zimeegemezwa. Wengine walikuja na gambuti kwa sababu ya matope. Rebeccah alikuwa mstari wa mbele kabisa, kiti chake amekivuta karibu na lori kama mtu anayesubiri kupimiwa majani.

Nataka niseme vile ilivyokuwa, kwa sababu kuna watu hufikiri bendi ya wazee ni kujikumbusha tu. Zamani tukiwapigia, walikuwa wanatupigia kelele na sisi tunawapigia kelele, na ikiisha hakuna aliyesikia mwenzake. Siku ile walisikiliza. Sauti ya Onyiego imeshuka, ile ya juu ilishaenda, kwa hivyo ikifika mahali pa juu alinyamaza tu akawanyooshea maiki, na wao wakaipanda, vibaya, kila mtu na njia yake, wakafika. Aliwauliza nani alikuwa kambi ya juu, nani kambi ya mtoni. Aliwataja waliokufa. Nyambeki wa kambi ya mtoni alitajwa, na viti vyote vya upande ule vikasema "Eeh" kwa pamoja. Kiptanui akapunguza mwendo kidogo bila kuambiwa, na wale wanawake wakacheza wakiwa wameketi, gambuti zikipiga matope kwa mdundo mmoja. Mimi nimepiga besi maisha yangu yote na sijawahi kusikia dramu kubwa kama zile gambuti. Nilijivuna mpaka nikasahau bega.

Halafu Rebeccah akasema, bila kupaza sauti, "Sasa."

Onyiego akanitazama. Nikaanza besi ya Tupa Nyuma.

Walipoisikia tu, mikono ikatoka kwenye leso. Wakaanza kuchuma, wakachuma, wakachuma, vidole bado vinajua kazi. Ikafika pa kutupa. Na hapo niliona kitu ambacho Onyiego hakukiona, maana alikuwa amefumba macho akijiandaa. Hakuna mkono uliofika begani. Mikono ya Rebeccah, ile ya kasi, iliishia kifuani. Ya jirani yake ilifika kidevuni ikarudi. Kikapu kile tulichokitupia miaka yote kilikula mabega yetu sote, si ya mume wangu peke yake. Wao wenyewe waliangaliana, wakacheka kidogo, wakarudia kuchuma.

Onyiego akainua gita. Ilifika sikioni. Bega likasimama hapo. Kofia aliyovaa ikaanguka, waya ikamkamata shingoni, noti ikatoka yenye kulia vibaya kwenye spika. Akashusha, akajaribu tena, nikaona shingo yake imetoka mishipa. Bega likakataa.

Gita ikanyamaza. Tukabaki mimi na Kiptanui.

"Usiache," nikamwambia Kiptanui.

"Sijaacha," akasema.

Onyiego akasogea kwenye maiki. "Niliwaahidi," akasema. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye mkanda wa gita, akaanza kuutoa begani. Mimi nilikuwa namwangalia huku vidole vikiendelea, na ndani yangu nilikuwa nalia na kumtukana wakati mmoja. Nilitamani nimshike mkono, lakini ukishika mkono, besi imekufa, na besi ikifa wimbo umekufa kweli.

Ndipo Rebeccah akasimama. Alishika fimbo, akaitupa kitini. Akachuma kwa mikono miwili, akachuma, ngumi ikajaa. Na badala ya kutupa nyuma akatupa mbele. Kutoka kiunoni, mkono wa chini, kuelekea lori.

Nilifikiri anamfukuza. Naapa, kwa dakika hiyo nilifikiri amekasirika. Kisha wa kushoto kwake akasimama akafanya hivyo hivyo. Kisha mstari wote wa mbele, na wa pili, wanachuma, wanachuma, wanatupa mbele, wote kwake, na mikono ile iliyoshindwa kufika begani ilikuwa inafika vizuri sana huku chini. Mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa. Mgongo wangu uliinama wenyewe.

Lakini Onyiego hakuelewa. Yeye alikuwa mtu wa kiwandani, hakuwahi kubeba kikapu. Alisimama pale uso kwa watu kama kawaida yake, mkanda umefika kwenye kiwiko, anatupiwa kitu usoni asichokiona.

Nikamwendea, besi ikiendelea. Nikaweka mdomo kwenye sikio lake.

"Geuka."

"Nini?"

"Wape mgongo."

"Mama Nyagaka, mwanamuziki hampi..."

"Mzee, nimesema geuka. Wanakutupia."

Akanitazama. Neno lile alikuwa analijua, aliimaliza habari ile mwenyewe mara nyingi jikoni kwangu. Akawatazama wale wanawake, na mikono yao. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba hata yao haifiki begani. Na taratibu, yule mtu ambaye hata kwenda kunywa maji alirudi kinyumenyume, akawageuzia watu wake mgongo.

Akainama kidogo, vile mwanamke anavyoinama majani yasimwagike. Gita ilikuwa tumboni. Akaanza kupiga.

Hakupiga kwa kasi ya zamani. Alipiga noti moja, akaiacha ikae, akapiga nyingine. Kila wakitupa, anapiga. Ilikuwa kama kila ngumi ya majani inaingia na sauti yake. Mtu asiniambie habari ya gita nyuma ya shingo, hiyo ilikuwa ya kuonyesha watu. Hii alikuwa anaipokea. Wao waliuona mgongo wake, shati limelowa jasho, limepinda upande wa bega bovu. Uso aliokuwa nao tuliuona mimi na Kiptanui tu, na Kiptanui ni mzee wa kanisa, anajua kunyamaza. Mimi nitasema tu kwamba nimeishi na mtu huyu tangu tukiwa watoto wa watu, nimemzalia, nimegombana naye kila siku ya Mungu, na sijawahi kumwonea fahari vile nilivyomwonea siku ile amewapa watu mgongo.

Wimbo ukaisha. Mvua ikaanza, ya matone makubwa. Watu wakapiga makofi na nduru, nduru za wanawake wazee, na Onyiego akageuka. Akafuta uso kwa mkono wa shati. Na vile alivyo mtu wa Jumanne ni Jumanne, akatoa mkanda wa gita kabisa, akapiga goti aiweke chini.

"Ahadi ni ahadi," akasema.

Rebeccah alikuwa amechukua tena fimbo yake, amefika ukingoni mwa lori. Akagonga mbao nayo.

"Onyiego, umetupiwa."

Akasita katikati, gita haijagusa chini.

"Ukitupiwa hutui," Rebeccah akasema. "Mke wako hakukufundisha?"

"Mpaka mstari uishe," akasema Onyiego, polepole.

"Basi umeisha?"

Akaangalia uwanja. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyeinuka. Miavuli ilikuwa imefunguliwa, leso zimepanda vichwani, wengine wamejifunika magunia, na gambuti zote zimekaa pale pale kwenye matope, zinasubiri.

Onyiego akasimama wima. Asubuhi ile mtu huyu alikuwa amefunga mlango wa chumba kabla hajaniruhusu nimshike shati, asionekane hata na majirani. Sasa akasogea kwenye maiki, mbele ya kambi ya juu na kambi ya mtoni na watoto wao na wajukuu wao na simu zao zote zinazopiga picha.

"Mama Nyagaka," akasema, na spika ikaipeleka sauti mpaka sokoni. "Kuja univalishe gita. Mkono hauendi."

Nikaweka besi chini. Nikamwendea, nikachukua mkanda, nikaupitisha juu ya kichwa chake, nikauweka kwenye bega zuri, nikavuta ukakaa sawa.

"Unavuta," akasema.

Maiki ilikuwa bado inasikia, na uwanja mzima ukacheka. Nikamwambia anyamaze apige.